Werden: Kitenzi Kilichogeuka Mara Tatu

Kijerumani hakina kiambishi cha wakati ujao. Kiswahili kina "-ta-", Kifaransa hubadili mwisho wa kitenzi, lakini Mjerumani akitaka kulitaja rasmi jambo la kesho hana budi kuazima kitenzi kingine kimsaidie, na kitenzi hicho ni "werden". Nacho hakikuwa kimekaa bure kikingoja kuazimwa, maana tayari kilikuwa na kazi mbili nzito. Tazama sentensi tatu zinazoanza kwa maneno yale yale. "Ich werde Lehrer": ninakuwa mwalimu, yaani ndiyo kazi ninayoiendea. "Ich werde gerufen": ninaitwa. "Ich werde rufen": nitaita. Katika ya kwanza mtu anageuka kuwa kitu ambacho bado hajawa. Katika ya pili anatendwa. Katika ya tatu yeye ndiye atakayetenda, ila muda haujafika.

Vitabu vya kufundishia huziweka kazi hizi katika sura zinazoachana sana. Mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam anayejiandaa kwenda kusomea uuguzi Ujerumani huishia kukariri majedwali matatu, kana kwamba amekutana na vitenzi vitatu vilivyofanana majina kwa bahati tu. Naona anapunjwa. Hiki ni kitenzi kimoja chenye wazo moja, na wazo hilo lina umri mkubwa kuliko Kijerumani chenyewe.

Wazo lenyewe ni kugeuka. Mwaka 1786, mjini Calcutta, jaji Mwingereza aliyeitwa William Jones aliwaambia wenzake wa Chama cha Asia kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kiasi kwamba haiwezekani kufanana huko kukawa kwa bahati. Lazima vimetoka katika chimbuko moja, na huenda Kigothi, ndugu wa kale wa Kijerumani, nacho ni cha ukoo huo. Miaka iliyofuata, Franz Bopp, Rasmus Rask na Jacob Grimm waliuchambua ukoo huo sauti kwa sauti. Humo ndimo ulimopatikana mzizi ambao wanaisimu huuandika "wert-", wakiutilia nyota mbele kuonyesha kwamba hakuna maandishi yoyote yaliyouhifadhi, bali umejengwa upya kutokana na watoto wake. Watoto hao wanajulikana. Kilatini kina "vertere", kugeuza, na kutoka hapo "versus", yaani pale plau inapofika mwisho wa shamba na kugeuza, kisha mstari wa shamba, kisha mstari wa maandishi. Kirusi kina "vertet", kuzungusha. Kisanskriti kina "vartate", ambacho kwanza ni "inazunguka" na halafu "ipo, inatokea". Kilithuania kina "virsti", ambacho ni kupinduka, na papo hapo ni kugeuka kuwa kitu kingine.

Ndani ya Kijerumani cha leo masalia ya kugeuka yangalipo, ukijua pa kutazama. "Vorwärts" ni kwenda mbele na "rückwärts" ni kurudi nyuma, na hiyo "-wärts" ni ule mzizi wa kugeukia upande fulani. "Wirtel" ni kigurudumu kidogo cha udongo au jiwe kinachotiwa kwenye mti wa kusokotea uzi ili upate uzito na uzunguke sawasawa. Lakini "werden" yenyewe imekwishasahau. Hakuna Mjerumani anayesikia mzunguko wowote anaposema "es wird dunkel", giza linaingia, au "mir wird kalt", naanza kusikia baridi. Kwetu safari hii ya maana haina ugeni, kwani tunasema rafiki aligeuka kuwa adui bila kumwona mtu akizungusha shingo. Tofauti ni kwamba sisi tumebaki na "kugeuka" upande mmoja na "kuwa" upande wa pili, na hiyo "kuwa" ikabeba yote mawili, kuwepo na kufikia kuwepo. Kijerumani kimevitenga kabisa. "Sein" ni kuwa katika hali fulani, "werden" ni kuiingia hali hiyo, na mtu akivichanganya anasikika kuwa mgeni mara moja.

Kabla ya kuwa chombo cha sarufi, mzizi huu ulipita kwenye imani. Katika mashairi ya Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia, yaliyohifadhiwa Iceland kwenye hati ya karne ya 13, wapo wanawake watatu wanaopanga maisha ya watu: Urðr, Verðandi na Skuld. Majina yao ni sarufi tupu. Urðr ametoka kwenye umbo la wakati uliopita la "verða", ndugu wa "werden", naye ni kile kilichokwisha kuwa. Verðandi ni kile kinachokuwa sasa hivi. Skuld anatoka kwenye kitenzi kingine, kile cha deni na wajibu, ambacho Kijerumani kinacho hadi leo kwa umbo la "sollen". Kiingereza cha kale nacho kiliita majaliwa "wyrd", neno la mzizi huu huu. Shakespeare alipowaita wachawi wake watatu wa Macbeth kwa neno hilo, alikuwa bado na maana ya majaliwa akilini, na ni baadaye neno likateremka hadi likawa ni kitu cha ajabu tu. Wajerumani wenyewe walikuwa na "wurt". Linaonekana ndani ya Hildebrandslied, utenzi wa baba na mwana wanaokutana vitani, ulionakiliwa huko Fulda katika karne ya 9 na ambao hati yake iko Kassel. Humo limeungana na neno la ole, likawa "wewurt".

Inafaa kukaa hapa kidogo, kwa sababu Kiswahili kimelishika jambo lile lile kwa mkono mwingine. "Majaliwa" yetu yanatoka kwenye "kujaliwa", na hiyo ni kauli ya kutendwa, maana Mungu anajalia na mja anajaliwa. Katika neno letu yupo mtoaji, hata asipotajwa. Katika "wurt" na "wyrd" hayupo. Kuna kugeuka tu, na kilichogeuka kimekwisha. Nadhani ukosefu huo wa mtendaji ndio uliokipa kitenzi hiki kazi zake zote za baadaye.

Kazi ya kwanza kati ya hizo ilikuwa kauli ya kutendwa. Ushahidi wa zamani kabisa tunaupata kwa Wagothi. Katika karne ya 4 askofu wao Wulfila alitafsiri Biblia kwa lugha yao, na nakala mashuhuri ya kazi yake, Codex Argenteus, iliyoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, imetunzwa Uppsala, Uswidi. Kigothi kilikuwa bado na kauli ya kutendwa ya viambishi, kama Kiswahili kinavyotumia "-w-", lakini kwa wakati uliopo peke yake. Kwa wakati uliopita viambishi vilikuwa vimekwisha kupotea, na mfasiri akawa hana njia ila kuweka kitenzi kisaidizi, ama "wisan", kuwa, ama "wairþan", ambacho ndicho "werden" ya Kigothi. Tatizo la kauli ya kutendwa kupungua lilizikumba lugha zote za tawi la Kigothi na Kijerumani. Zile zilizoandikwa baadaye hazikuwa tena na kiambishi chochote cha kutendwa kilicho hai, isipokuwa mabaki mawili matatu.

Suluhisho la Kijerumani lilikuwa zuri kuliko la Kiingereza, nalisema hivyo bila kusita. "Die Tür wird geschlossen" maana yake mlango unafungwa, yupo mtu anaufunga sasa. "Die Tür ist geschlossen" maana yake mlango umefungwa, ukifika utaukuta hivyo. Kiingereza, kilichokuja kutegemea kitenzi kimoja kwa yote mawili, mara nyingi humwacha msomaji akisie. Sisi tunaitunza tofauti hiyo kwa "-na-" na "-me-". Mjerumani huitunza kwa kuchagua kati ya kugeuka na kuwa. Na kwa kuwa kugeuka hakuhitaji mtendaji, anaweza hata kusema "es wird getanzt", pana watu wanacheza dansi, bila kumtaja hata mmoja wao.

Tazama sasa sentensi hii moja kwa karibu: "Das Haus wird gebaut worden sein", nyumba itakuwa imejengwa. "Werden" imeingia humo mara mbili. Ya kwanza, "wird", inabeba wakati ujao. Ya pili, "worden", inabeba kutendwa. Kilichobaki ni "gebaut", ujenzi uliokamilika, na "sein", kuwa. Kiswahili kimepanga vipande vinavyolingana na hivyo katika maneno mawili tu, "-ta-" na "kuwa" katika neno la kwanza, "-me-" na "-w-" katika la pili.

Hiyo "worden" ina kisa chake. Vitenzi vingi vya Kijerumani vikikamilika huchukua "ge-" mwanzoni: "gemacht", "gesehen", "gebaut". "Werden" ikimaanisha kugeuka nayo huchukua, "geworden": "er ist alt geworden", amezeeka. Lakini katika kauli ya kutendwa hakuna "ge-". Mwalimu wa haraka atakwambia ni kanuni, ikariri. Ukweli ni kwamba zamani "ge-" kilikuwa na maana ya kukamilika, na vitenzi ambavyo ukamilifu umo ndani yake tangu mwanzo, kama kuja, kupata, kuleta na kuwa, havikukihitaji. Zama za Kati watu walisema "worden" kwa kila kazi. Baadaye "ge-" kikawa desturi ya wote, kikakivaa na kitenzi hiki pale kinaposimama chenyewe. Kwenye kauli ya kutendwa, ambako "worden" huja nyuma ya neno lenye "ge-" yake tayari, umbo la zamani lilikaa pale pale. Mwanafunzi anayeandika "ist gebaut worden" anaandika Kijerumani cha mashujaa wa Zama za Kati bila kujua.

Sasa twende ndani zaidi, kwenye konsonanti moja. Leo kitenzi hiki kina "d" kila mahali: "werden", "wurde", "geworden". Katika Kijerumani cha kale haikuwa hivyo. Ilikuwa "werdan" kwa wakati uliopo, "ward" kwa umoja wa wakati uliopita, lakini "wurtun" kwa wingi wake na "wortan" kwa umbo la kukamilika. "D" mbili, "t" mbili. Kiingereza cha kale nacho kiliyumba vivyo hivyo, "wearþ" kwa umoja na "wurdon" kwa wingi, ile ya kwanza ikiwa na sauti ya "th" kama ya thelathini. Kwa nini kitenzi kimoja kiwe na konsonanti mbili? Grimm aliliona jambo hili asipate jibu lake.

Jibu lilipatikana mwaka 1875 kwa Mdenmaki mmoja, Karl Verner, aliyekuwa na umri wa chini ya miaka 30, na likachapishwa 1877. Alikwenda kutafuta siri ya Kijerumani ndani ya Kisanskriti. Katika Kisanskriti, umoja wa kitenzi hiki ni "vavarta", mkazo ukiwa juu ya mzizi. Wingi wake ni "vavrtima", mkazo ukiwa umekimbilia silabi ya mwisho. Msemaji wa Kiswahili anajua mkazo unavyohama: katika "pika" uko kwenye "pi", ukiongeza silabi ukasema "pikia" umehamia "ki". Verner alionyesha kwamba mama wa lugha za Kijerumani naye alikuwa na mkazo unaohama namna hiyo. Pale mkazo ulipotangulia konsonanti moja kwa moja, "th" ilibaki "th". Pale ulipokuwa umehama, "th" ililegea ikawa "dh" kama ya dhahabu, na baadaye "d". Kisha Kijerumani chenyewe kikazisogeza zote hatua moja, "th" ikawa "d" na "d" ikawa "t". Wakati hayo yakikamilika, mkazo wa zamani ulikuwa umekwisha kutoweka, umehamia mwanzo wa neno kwa kila umbo. Ushahidi wake ukabaki kwenye konsonanti peke yake. Kwangu hii ni moja ya kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa na akili ya binadamu katika lugha, kuijua sauti ya mkazo ambao hakuna aliyeusikia kwa maelfu ya miaka kwa sababu uliacha "t" mahali pa "d".

"T" hiyo haikudumu. Wasemaji walisawazisha wakaweka "d" kila mahali. Halafu wakageukia irabu, kwa sababu "ward" ya umoja na "wurden" ya wingi nazo zilikuwa zimeachana. Vitenzi wenzake karibu vyote vilitatua jambo hilo kwa kuifuata "a" ya umoja, ndiyo maana leo ni "fand" na "fanden", "half" na "halfen". "Werden" ilikwenda kinyume. Ilifuata wingi, ikapata "wurde", tena ikajitia "e" ya mwisho ambayo vitenzi vya aina yake havina. "Ward" ilikaa kando kama neno la heshima, likitumika katika maandishi mazito hadi karne ya 19 na hata baada yake. Ndiyo aliyoitumia Martin Luther katika tafsiri yake ya Biblia, kwenye sura ya kwanza ya Mwanzo, nuru inapotokea, na Wajerumani wengi wameijua kutoka hapo.

Kazi ya tatu, wakati ujao, ndiyo changa kuliko zote, na ndiyo iliyozua mabishano mengi kuliko zote.

Kijerumani cha kale hakikuwa na wakati ujao wa sarufi. Watawa wa Fulda walipoigeuza Injili kwa Kijerumani kiasi cha mwaka 830, vitenzi vya Kilatini vya wakati ujao waliviandika mara nyingi kwa wakati uliopo tu, na mara nyingine wakatumia kile kitenzi cha deni, "sculan". Katika karne zilizofuata wakati ujao uliazimwa kwa majirani watatu: "sollen", "wollen" na "müssen". Kila mmoja alikuja na mzigo wake. Ukisema kwa "sollen" kuna amri au wajibu. Kwa "wollen" kuna nia ya mtu. Kwa "müssen" kuna kulazimika. Hakukuwa na njia ya kusema mvua itanyesha bila kuinasibisha mvua na deni, tamaa au shuruti.

Pembeni mwa hao "werden" ilikuwa ikifanya kazi ndogo. Zama za Kati ingeweza kufuatwa na umbo la kitenzi lenye "-ende", kama "sehende", akiwa anaona. "Er wirt sehende" ilikuwa ni kusema anaingia katika kuona, anaanza kuona. Kuanzia karne ya 13 yanaonekana maandishi ambamo mahali pa "sehende" pana kitenzi-jina, "sehen". Katika karne ya 14 na 15 mtindo huo ulienea, na kufikia ya 16 ulikuwa umeota mizizi. Wako wanaosema ni sauti tu, "-ende" ilichakaa ikawa "-en". Wako wanaosema "werden" iliwaiga wale watatu, ambao daima hufuatwa na kitenzi-jina. Wengine wamenyooshea kidole Kicheki, jirani wa mashariki, ambacho nacho huweka "budu" mbele ya kitenzi-jina. Sioni sababu ya kumchagua mmoja na kuwafukuza wengine. Sauti inaweza kufungua mlango na majirani wakausukuma. Ila hakuna hata moja kati ya hoja hizo inayoeleza kwa nini watu walikipenda kitenzi hiki kuliko vile vitatu, na hapo ndipo narudi kwenye ule ukosefu wa mtendaji. "Werden" haina anayetaka wala anayeamrisha. Mvua inaweza kugeukia kunyesha bila kuwa na nia.

Luther hakuubuni wakati ujao huu, lakini aliukuta na kuupa nguvu. Akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, aliligeuza Agano Jipya kwa Kijerumani kwa muda wa wiki 11 hivi, likachapishwa Wittenberg Septemba 1522, na Biblia nzima ikafuata 1534. Kitabu kilichojaa unabii na ahadi kilihitaji namna ya kusema yatakayokuja, na nyumba nyingi zisizokuwa na kitabu kingine zilikuwa na hicho. Amri Kumi zilibaki na "sollen", kitenzi cha wajibu. Ahadi zilikwenda kwa "werden" mara nyingi. Kazi ya wale wawili ikaanza kutengana mbele ya macho ya wasomaji.

Linganisha na wengine ndipo uone upekee wake. Kiingereza kilijenga wakati ujao kwa kitenzi cha kutaka na kitenzi cha deni. Kigiriki cha leo kina "tha", iliyochakaa kutoka kwenye "thelo", nataka. Kifaransa na ndugu zake waliuchukua kutoka kwenye kitenzi cha kumiliki, wakakibandika mwishoni hadi kikayeyuka ndani ya kitenzi. Na Kiswahili? "-ta-" yetu imetokana na "-taka". Ushahidi hauko mbali, umo vinywani mwetu kila siku. Tunasema "atakuja", lakini tukiingiza o-rejeshi tunasema "atakayekuja", "mambo yatakayotokea", na ile "-taka-" nzima inajitokeza pale ilipojificha. Wajerumani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika sarufi ya lugha hii kwa ajili ya Ulaya. Ludwig Krapf, mzaliwa wa Derendingen karibu na Tübingen, alifika Mombasa 1844, na sarufi yake ikachapishwa Tübingen 1850. Katika Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin, iliyofunguliwa 1887, Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo alifundisha Kiswahili kuanzia mwaka 1900 hadi 1905. Darasani humo kutaka kwetu na kugeuka kwao vilikutana uso kwa uso kila mwanafunzi alipofasiri sentensi ya kesho.

Na vilivyotoka pande mbili tofauti vimefika mahali pamoja. "Usimpigie saa hizi, atakuwa amelala." Hapo "-ta-" haina kesho yoyote ndani yake. Mtu amelala sasa, au hajalala, na msemaji anakisia. Kijerumani kinafanya vivyo hivyo: "er wird schlafen", tena mara nyingi na "wohl" kuongeza ukisio. Wako wanasarufi wanaoshikilia kwamba hii ndiyo kazi halisi ya "werden" na kitenzi-jina, kwamba si wakati bali ni makadirio, na kesho imejumuishwa kwa sababu kesho nayo hukisiwa. Wana hoja nzito. Mjerumani wa kawaida akienda mahali kesho husema "ich komme morgen", nakuja kesho, kwa wakati uliopo, sawa na sisi tunavyosema "kesho naenda Tanga". Katika lahaja za Uswisi na sehemu kubwa ya kusini, "werden" ya wakati ujao karibu haipo, ila kwa kukisia. Hata hivyo naona ni kosa kuufuta wakati ujao katika sarufi. Ahadi nzito, tangazo la serikali, utabiri wa hali ya hewa, yote husimama juu ya "werden", na anayeyasikia hasikii ukisio.

Ndugu za kitenzi hiki wamepatwa na mambo tofauti. Kiingereza kilikiacha kife kadiri Zama za Kati zilivyokwisha, na nafasi yake ikachukuliwa na "become", kitenzi ambacho ndugu yake wa Kijerumani, "bekommen", maana yake ni kupata, mtego unaowanasa wanafunzi wa lugha zote mbili. Uswidi "varda" ilisukumwa pembeni na "bli", kitenzi kilicholetwa na wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya kaskazini mwa Ujerumani, na ambacho awali kilimaanisha kubaki. Nynorsk ya Norwe imekitunza. Kiholanzi na Kiafrikaans wanacho kwa kugeuka na kutendwa, lakini kesho yao wameipa kitenzi cha deni, "zullen" na "sal". Kiyidi kinasema "vern" kwa kugeuka, na kwa kesho kikachukua kitenzi cha kutaka. Iceland "verða" imefika hadi kumaanisha lazima. Luxemburg wamekiacha kwa kugeuka na kutendwa, wakaweka "ginn", kitenzi chao cha kutoa. Kukifanya chombo cha wakati ujao kwa vitenzi vyote, huku kikiendelea kuwa chombo cha kutendwa na kitenzi kamili, ni jambo ambalo Kijerumani sanifu kimelifanya peke yake.

Wanafalsafa nao walikitwaa. Mwaka 1812 Hegel aliianza Sayansi ya Mantiki yake kwa Sein na Nichts, kuwa na kutokuwa, akasema ukweli wa vyote viwili ni Werden, kule kupita kutoka kimoja kwenda kingine. Hoja hiyo ni rahisi kuitamka kwa Kijerumani kwa sababu lugha ilikuwa imekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Watunga kamusi hawakubahatika hivyo: Jacob Grimm na nduguye Wilhelm, walioianza kamusi yao kubwa ya Kijerumani 1838, hawakuwahi kukifikia. Wilhelm alifariki 1859 na Jacob 1863, akiwa bado kwenye herufi F, na kamusi ilikamilika kwa mikono ya wengine 1961.

Na bado kitenzi hiki kinapanuka. Kutoka kwenye "wurde" lilizaliwa umbo la kudhania, "würde", na hilo sasa limekuwa "-nge-" ya Kijerumani. "Ich würde kommen": ningekuja. Zamani kila kitenzi kilikuwa na umbo lake la kudhania, "hülfe" kwa kusaidia, "stürbe" kwa kufa, "flöge" kwa kuruka. Maumbo hayo yamezeeka, mengine yanafanana mno na wakati uliopita, na vijana wakiyasikia huona ni lugha ya vitabu. Wasemaji wameyaacha wakaweka "würde" na kitenzi-jina: "würde helfen", "würde sterben", "würde fliegen". Walimu wa karne ya 20 walipambana nalo, wakilikataza hasa kwenye kishazi kinachoanza na "wenn", yaani ikiwa, na baadhi bado wanalipigia mstari mwekundu. Lakini kwenye mazungumzo limeshinda karibu kila mahali, na vilivyosalia na maumbo yake ni vitenzi vichache vinavyotumika mno, kama "wäre", "hätte" na "könnte".